Mwanao anaingia chuo kikuu? Ijue teknolojia salama kwa kila aina ya masomo

Asubuhi moja mwaka 2019, mama yangu alikuwa shambani kwake Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, akipalilia kabichi. Simu yake ikaita. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni daktari wa hospitali moja mjini Morogoro.

Alitaja majina yangu yote matatu. Akataja kozi niliyokuwa nasoma na namba yangu ya usajili chuoni. Kisha akasema nimegongwa na bodaboda maeneo ya Msamvu, nimevunjika mguu, na upasuaji hauwezi kuanza mpaka zilipwe Sh180,000.

Mama akanipigia. Simu yangu ilikuwa imezimwa, maana nilikuwa kwenye chumba cha jaribio. Akapiga tena na tena. Alipochoka akachukua fedha za mauzo ya maharage, akakopa nyingine kwenye kikoba, akaenda kwa wakala na kutuma Sh150,000 kama malipo ya kuanzia. Baada ya hapo akapanda pikipiki hadi Mzumbe, kisha daladala hadi mjini.

Alinikuta kwenye foleni ya chakula chuoni, nimeshika sahani.

"Mama, kuna nini nyumbani?" nilimuuliza nikiwa nimeshtuka.

Hakunijibu. Aliinama kwanza, akaniangalia miguu yote miwili.

Kwa wiki kadhaa niliamini kuna mtu amedukua simu yangu. Haikuwa hivyo. Siku chache kabla ya tukio hilo tulikuwa na safari ya mafunzo kwa vitendo. Ilitumwa fomu ya mtandaoni kwenye kundi la WhatsApp la darasa: jina kamili, namba ya usajili, kozi, namba ya simu, na jina na namba ya mzazi wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Linki ile ilikuwa wazi. Yeyote aliyeipata aliweza kuona majibu ya wote. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya 200, na hakuna aliyewajua wote.

Hakuna aliyevunja mlango. Sisi wenyewe tuliuacha wazi.

Leo ninaandika habari za afya, na kila msimu wa udahili unapofika wazazi huniuliza swali lilelile: je, kompyuta itamharibia mtoto macho? Ni swali zuri, ila ni nusu ya swali. Teknolojia ya masomo inaweza kumdhuru mwanafunzi mwilini, inaweza kumvuruga akili, na inaweza kuwafungulia matapeli mlango wa nyumba nzima. Na hatari hizo hazifanani. Zinategemea mwanao anafundishwa kwa njia gani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ninunue simu gani?", anza na "huko chuoni atasomaje?"

Njia za kufundisha zimeongezeka

Mkoa wa Morogoro una vyuo vikuu vya aina mbalimbali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilianzishwa mwaka 1984, na kina kampasi kuu chini ya milima ya Uluguru na Kampasi ya Solomon Mahlangu iliyopo Mazimbu. Kuna Chuo Kikuu Mzumbe, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake mkoani hapa.

Wazazi wengi tunapofikiria chuo tunaona picha ya ukumbi, mhadhiri mbele na wanafunzi wakiandika. Picha hiyo bado ipo, lakini si pekee. Machi 2020 Serikali ilifunga vyuo kwa sababu ya corona, na vikafunguliwa Juni 1 mwaka huohuo. Katika miezi ile wanafunzi wengi walijikuta wakifuatilia masomo kwa simu wakiwa nyumbani, wengine huko milimani ambako ili upate mtandao unapanda kilima. Vyuo vilifunguliwa, lakini makundi ya WhatsApp, mifumo ya masomo mtandaoni na vipindi vya video havikuondoka.

Mwanafunzi wa leo anaweza kukutana na njia nne ndani ya muhula mmoja: darasani ana kwa ana, kipindi cha moja kwa moja kwa video, masomo ya mtandaoni kwa muda wake mwenyewe, na mafunzo kwa vitendo nje ya chuo. Tuzipitie moja baada ya nyingine.

1. Darasani ana kwa ana

Hii inaonekana ndiyo njia salama kuliko zote, na ndiyo iliyotuumiza sisi. Darasa la ana kwa ana siku hizi lina kivuli chake kwenye WhatsApp. Kiongozi wa darasa anafungua kundi, linki inasambazwa, notisi zinatumwa humo, na orodha za majina, namba za usajili na hata alama za majaribio zinapita humo humo.

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa tangazo la "kipindi kimehamishiwa ukumbi mwingine". Si mahali pa kuweka taarifa za watu. Kila aliye ndani anaona namba za simu za wenzake wengi, anaweza kupakua kila faili, na aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita anaweza kuwa bado yumo.

Mwambie mwanao mambo matatu. Kwanza, fomu yoyote inayoomba namba ya mzazi, namba ya kitambulisho cha Taifa au akaunti ya benki asiijaze kabla ya kujua nani ameitengeneza na nani atayaona majibu. Pili, fomu hiyo ikiwa ni ya lazima, aombe kuipeleka ofisini kwa karatasi au kupitia mfumo rasmi wa chuo. Tatu, yeye mwenyewe akiwa kiongozi wa darasa, afunge fomu kila kazi inapokwisha na kufuta orodha.

Kuna hatari nyingine hapa, ndogo lakini ya kila siku: flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi kwenye kompyuta ya stationari ili achapishe kazi yake, anaondoka na virusi, anavipeleka kwenye kompyuta yake. Kazi ya utafiti ya mwaka mzima inaweza kupotea jioni moja. Dawa yake ni rahisi: nakala ya pili ya kila kazi muhimu ikae mahali pengine, na kwenye stationari atumie flashi isiyo na kitu kingine zaidi ya kile anachochapisha. Kama amefungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya pale, ahakikishe ameifunga kabla hajalipa na kuondoka.

2. Kipindi cha moja kwa moja kwa video

Zoom, Google Meet na Microsoft Teams zilijulikana kwa wengi wetu wakati wa corona. Mwaka 2020 dunia nzima ilisikia visa vya wahuni kuingia kwenye madarasa ya Zoom na kuonyesha picha chafu, mara nyingi kwa sababu linki zilisambazwa hovyo na vipindi havikuwa na neno la siri. Novemba mwaka huo, kampuni hiyo ilifikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani baada ya kutuhumiwa kuwaambia watumiaji kwamba mazungumzo yao yana ulinzi wa kiwango ambacho kwa kweli hayakuwa nacho. Ilitakiwa kuimarisha usalama.

Funzo kwa mzazi si kwamba Zoom ni mbaya na nyingine ni nzuri. Funzo ni kwamba jina kubwa si dhamana. Kinacholinda darasa ni namna linavyoendeshwa: linki isiyowekwa hadharani, neno la siri, na chumba cha kusubiria ambako mhadhiri anaona nani anaingia.

Upande wa mwanao, kamera ndiyo ya kuangalia. Ikiwashwa inaonyesha zaidi ya uso. Inaonyesha chumba anacholala, mwenzake wa hosteli anayebadilisha nguo, cheti kilichobandikwa ukutani. Kama mhadhiri hajaagiza kamera iwashwe, ifungwe. Ikibidi kuwashwa, akae na ukuta nyuma yake.

Kufunga kamera kunaokoa bando pia. Saa moja ya kipindi cha video yenye picha nzuri inaweza kula takribani GB 1, wakati sauti peke yake hula chini ya MB 100. Kwa mzazi anayetuma fedha ya bando kila wiki, hiyo ni tofauti kubwa. Na mwanafunzi aliyeishiwa bando ndiye anayekimbilia Wi-Fi yoyote ya bure anayoiona mjini. Wi-Fi ya chuo inayohitaji akaunti yake ni sawa. Wi-Fi ya wazi isiyojulikana ya nani asiitumie kufanya miamala ya fedha wala kufungua akaunti ya chuo.

3. Mtandaoni kwa muda wake

Hapa mwanafunzi anaingia kwenye mfumo wa chuo, anapakua notisi, anatazama mihadhara iliyorekodiwa, anapakia kazi zake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ndicho wengi wanachokifahamu kwa elimu ya masafa, lakini vyuo vya kawaida navyo vina mifumo ya namna hii.

Mfumo unaotumika sana duniani, na katika vyuo vyetu kadhaa kikiwamo Chuo Kikuu Huria, ni Moodle. Ulianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Ni mfumo huria, maana yake chuo kinaweza kuuweka kwenye seva zake chenyewe na taarifa za wanafunzi zikabaki chini ya chuo. Programu yake ya simu inaruhusu kupakua masomo na kuyasoma bila mtandao, jambo linalomfaa sana anayerudi likizo Kinole au Nyandira ambako mtandao huja na kuondoka.

Kwa njia hii hatari kubwa ni neno la siri. Wanafunzi wengi hupewa neno la kuanzia ambalo ni jina la ukoo au namba ya usajili, na hawalibadilishi. Mwenzake anayejua namba hiyo anaweza kuingia, kuona matokeo, kupakua kazi yake na kuiwasilisha kama ya kwake.

Siku ya kwanza ya usajili, kazi ya kwanza iwe kubadilisha neno hilo. Liwe refu, lisitumike pengine popote, na barua pepe yake iwekewe uthibitisho wa hatua mbili ili mtu mwenye neno la siri peke yake asiweze kuingia. Barua pepe ndiyo ufunguo wa vyote, maana maombi ya kubadilisha maneno ya siri, yale ya mfumo wa chuo na ya mkopo, yanapitia humo.

Hapa pia ndipo zinapoingia programu za kumjibu mwanafunzi maswali, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022. Zinaweza kusaidia kuelewa somo. Lakini anachokiandika humo kinaweza kuhifadhiwa na kampuni na kutumika kuboresha programu yenyewe, isipokuwa amezima mpangilio huo. Kwa hiyo asiweke humo majina ya watu, majibu ya wagonjwa, barua zenye namba za vitambulisho wala data za utafiti ambazo watu walimpa kwa siri.

Na mitihani? Duniani ziko programu za kusimamia mtihani kwa mbali, zinazowasha kamera, kuchunguza chumba na kuhifadhi picha ya uso. Mwanao akikutana nayo, aulize chuo chenyewe, si kundi la WhatsApp: je, ni agizo rasmi? Picha zinakaa muda gani? Nani anaziona? Neno la siri likivuja unabadilisha. Sura ikivuja, huna nyingine.

4. Mafunzo kwa vitendo

Wanafunzi huita fildi. Anayesoma kilimo anapelekwa mashambani, wa misitu porini, wa tiba ya mifugo mazizini, wa ualimu shuleni, wa afya wodini. Mwanafunzi anayekusanya data za wakulima wa Uluguru siku hizi habebi madodoso ya karatasi tu. Anatumia programu kwenye simu, kama KoboToolbox, inayojaza majibu bila mtandao na kuyatuma baadaye anapopata mtandao.

Hapa mwanao hageuki tu kuwa mtu wa kulindwa. Anakuwa mtu aliyebeba siri za wengine: jina la mkulima, ukubwa wa shamba, kipato, eneo kamili la nyumba kwenye ramani, picha ya kidonda cha mgonjwa. Simu ile ikipotea kwenye daladala, watu waliomwamini ndio wanaoumia.

Simu ya fildi lazima iwe na kufuli. Data zitumwe na kufutwa kwenye simu mara mtandao unapopatikana. Picha ya mgonjwa au ya mtoto wa shule isipigwe bila ruhusa, na isiwekwe kwenye "status". Nchini Kenya, Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya Sh4.55 milioni za nchi hiyo kwa kusambaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kama shule inatozwa, mwanafunzi wa mafunzo naye ajifunze mapema.

Lingine ni usalama wa mwili. Milimani chaji huisha na umeme unaweza kuwa mbali. Pawabenki nzuri ni kifaa cha usalama. Na kabla ya kuondoka, mtu mmoja nyumbani ajue yuko kijiji gani, na msimamizi wake ni nani.

Vifaa: kabla hujatoa fedha

Wazazi wengi tunanunua simu au kompyuta iliyotumika, na si kosa. Lakini fanya haya.

Piga *#06# kwenye simu, itatoa namba ya utambulisho ya kifaa yenye tarakimu 15. Itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama inafanana na simu unayouziwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia, na utaratibu wa kuhakiki ulianza kabla ya hapo. Simu ya wizi inaweza kufungiwa ukabaki na kipande cha kioo, au ikakufikisha polisi.

Kompyuta iliyotumika isafishwe yote na kuwekewa mfumo upya kabla ya kuanza kutumika. Usikubali programu za wizi zinazowekwa dukani "bure". Nyingi hazipokei masasisho ya usalama, na baadhi huja na virusi ndani yake. Kwa kuandika kazi na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure kihalali na inatosha.

Mwanao akipakua programu mpya, angalia inaomba ruhusa gani. Kamusi haihitaji orodha ya majina yote yaliyo kwenye simu. Kikokotoo hakihitaji kujua alipo. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila kibali. Wengi waliokopa kwenye programu za namna hiyo wanafahamu aibu ya ndugu na marafiki kupigiwa simu kudaiwa deni la mtu mwingine, kwa sababu tu walikubali programu isome majina kwenye simu. Mwanafunzi aliyechelewa kupata fedha za kujikimu ni windo rahisi. Afadhali aseme nyumbani mapema kuwa ameishiwa.

Kwa ufupi, kipimo ni hiki: programu salama ni ile inayofanya kazi ya kipindi husika na kuomba taarifa chache iwezekanavyo.

Mwili nao una haki yake

Turudi kwenye swali la macho. Kukodolea kioo kwa saa nyingi huchosha macho, huyakausha na kuleta maumivu ya kichwa, kwa kuwa mtu anayetazama kioo hupepesa kope mara chache. Wataalamu wa macho wanashauri kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa takribani mita 6 kwa sekunde 20. Mwanafunzi wa Morogoro ana bahati: anainua macho anatazama Uluguru.

Kompyuta iwekwe juu ya meza, kioo kikaribie usawa wa macho. Kusoma kitandani shingo ikiwa imepinda ndiko kunakoleta maumivu ya shingo na mgongo.

Masikio yanasahaulika. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeonya kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Akisikiliza mhadhara kwa hedifoni, sauti isizidi kiasi ambacho bado anamsikia mtu anayemwita kwa karibu.

Usingizi ndio dawa ya kumbukumbu. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Bando la usiku ni rahisi, na ndilo linalowafanya vijana wengi kukesha. Kama lazima alitumie, apakue masomo kisha alale, ayatazame asubuhi. Na simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro. Chaja bandia na godoro la sponji ni moto unaosubiri saa yake.

Sheria iko upande wako

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume inayoisimamia. Kwa lugha ya nyumbani, sheria inasema hivi: anayekusanya taarifa zako lazima awe na sababu inayoeleweka, asichukue zaidi ya anachohitaji, na azilinde. Una haki ya kujua anacho nini kuhusu wewe, kuomba kirekebishwe, na kulalamika kwa Tume.

Hilo si dogo. Ripoti ya Unesco ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kuwa ni asilimia 16 tu ya nchi zilizokuwa na sheria inayotaja wazi ulinzi wa faragha katika elimu. Ripoti hiyo pia ilirejea uchambuzi wa bidhaa 163 za kujifunzia watoto zilizopendekezwa wakati wa corona, ambapo asilimia 89 ziliweza kuwafuatilia watoto. Kama bidhaa zilizopendekezwa na serikali zilikuwa hivyo, hata chuo kinaweza kukosea. Kuuliza si utovu wa adabu.

Ila tukumbuke jambo moja. Mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida ameshafikisha miaka 18. Taarifa ni zake, neno la siri ni lake. Mzazi anayedai maneno yote ya siri ili "amfuatilie" anamfundisha kwamba kumpa mtu mwingine neno la siri ni jambo la kawaida. Zungumzeni. Usimpeleleze.

Likitokea, mfanye nini?

Akitapeliwa au akiona namba yake imetumika vibaya, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 bila malipo, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako haraka wajaribu kuzuia fedha, kisha toa taarifa polisi. Kwa kupiga *106# anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake na kukataa asizozijua.

Akitishiwa kwamba picha zake za faragha zitasambazwa asipotoa fedha, asilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Ahifadhi ujumbe kama ushahidi na aende polisi, akipenda kupitia Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa vitisho vya mtandaoni na kujifanya mtu mwingine. Na wewe mzazi, siku hiyo usianze na "si nilikwambia?" Kijana aliye kwenye aibu ya namna hiyo anaweza kufikiria kujidhuru. Neno la kwanza liwe "uko wapi, nakuja". Maswali yatafuata.

Baada ya tukio la mwaka 2019 mama alilipa deni la kikoba kwa miezi mitatu. Kisha tukakaa barazani kwake Mgeta tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, pamoja na namba yangu, awe na namba za watu wawili wanaoweza kunifikia chuoni: mwenzangu wa chumbani na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. La pili, tukachagua neno la nyumbani, neno ambalo halijaandikwa popote na wala halihusiani na jina la mtu. Yeyote anayepiga kuomba fedha kwa ajili yangu, hata akiwa na sauti yangu, aulizwe neno hilo.

Mwaka jana nilipoteza simu, nikampigia kwa namba ya mwenzangu kazini kumwomba nauli. Nilijieleza wee. Mama akaniacha nimalize.

"Haya, mwanangu," akasema. "Neno?"

Nililitaja. Nauli ikaingia dakika hiyohiyo.